Kitalu na Ngwe: Namna Wasambazaji wa Anime Wanavyogawana Muda wa Runinga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kampuni zinazosambaza katuni za Kijapani, maarufu kwa jina la anime, zinavyogawana muda ndani ya kitalu kimoja cha vipindi vya runinga. Mfano mkuu tunaoutumia ni Toonami, kitalu kilichoanzishwa nchini Marekani mwaka 1997. Kwa ajili ya ulinganishi, tunagusia pia hali ilivyo nchini Japani kwenyewe. Hoja ya msingi ni kwamba mgao wa muda hauongozwi na usawa baina ya kampuni. Huongozwa na lugha, urefu wa hadithi, saa ya kurushwa, idadi ya watazamaji na masharti ya mikataba. Kati ya hayo yote, lugha ndiyo hutangulia: kipindi kisichotiwa sauti za lugha ya hadhira hakiingii kitaluni. Makala yanahitimisha kwa kudokeza maana ya jambo hili kwa Kiswahili.

Utangulizi

Mtazamaji wa runinga huona vipindi, haoni mikataba. Aonapo katuni moja ikiisha na nyingine ikifuata, hudhani kwamba zote ni mali ya kituo kinachozirusha. Aghalabu sivyo. Katika usiku mmoja, katuni ya kwanza yaweza kuwa imeletwa na kampuni moja, ya pili na hasimu wake wa kibiashara, na ya tatu na kampuni ambayo tayari imefunga milango. Zote hukaa bega kwa bega, zikitambulishwa na sauti moja, kana kwamba ni watoto wa baba mmoja.

Je, ni nani anayeamua nani atangulie na nani afuate? Ni nani humlipa mwenzake? Na pindi mmoja wao anapofilisika au kununuliwa, nafasi yake humwendea nani? Haya ni maswali ya biashara, lakini yanamhusu pia mwanafunzi wa lugha. Hadithi za kigeni hazisafiri zenyewe. Hubebwa na wafasiri na waigizaji wa sauti. Nao wafasiri hao hupata kazi pale tu panapokuwa na nafasi hewani.

Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tuafikiane kuhusu maneno. Kiswahili kina neno kipindi, lakini neno hilo hubeba maana mbili zinazotatiza mjadala huu. Kipindi ni muda, na kipindi vilevile ni kile kinachorushwa katika muda huo. Tusemapo kwamba kampuni fulani imepoteza kipindi, haieleweki kama imepoteza hadithi yake au nafasi yake hewani.

Makala haya yanapendekeza maneno mawili kutoka katika msamiati wa ardhi. La kwanza ni kitalu. Tunalijua neno hili katika bustani za miche, na nchini Tanzania hutumika pia kwa maeneo ya uwindaji ambayo serikali huyagawa kwa kampuni kwa masharti maalumu. Kitalu cha vipindi basi ni eneo la muda lililozungushiwa mpaka, lenye jina lake, mtangulizaji wake, muziki wake na hadhira yake, ndani ya ratiba pana ya kituo.

Neno la pili ni ngwe. Mkulima hupimiwa ngwe yake katika shamba, akaambiwa alime kuanzia hapa hadi pale. Ngwe ya runinga ni kipande cha muda, kwa kawaida nusu saa, anachopimiwa msambazaji mmoja ndani ya kitalu. Neno kipindi tutaliachia maana yake ya kile kinachorushwa. Kwa hiyo, kituo humiliki kitalu, msambazaji huleta kipindi, na kipindi hukalia ngwe.

Chimbuko la Kitalu cha Toonami

Kituo cha Cartoon Network kilianzisha Toonami tarehe 17 Machi 1997. Waasisi wake, Sean Akins na Jason DeMarco, walikusudia kuwapa vijana warudio kutoka shule katuni za matendo na visa virefu. Mwanzoni mtangulizaji alikuwa Moltar, mhusika wa katuni ya zamani. Kuanzia Julai 1999 nafasi hiyo ilichukuliwa na roboti aitwaye TOM, ambaye tangu mwaka 2000 ametiwa sauti na Steve Blum.

Mwaka 1998 kitalu kilipokea katuni mbili za Kijapani zilizobadili mwelekeo wake: Sailor Moon mwezi Juni na Dragon Ball Z tarehe 31 Agosti. Kisa cha hiyo ya pili kinastahili kuzingatiwa. Kampuni ya Funimation, iliyoasisiwa na Gen Fukunaga mwaka 1994, ilikuwa imeanza kuitangaza Dragon Ball Z kwa Kiingereza mwaka 1996, ikitumia waigizaji wa sauti wa Vancouver nchini Kanada. Kazi hiyo ilisitishwa mwaka 1998 ilhali hadithi ilikuwa katikati. Sehemu zilizokwisha kutafsiriwa ziliporushwa upya katika Toonami, watazamaji walimiminika. Funimation ikapata sababu ya kuendelea, safari hii kwa waigizaji wake wenyewe wa Texas, na sehemu mpya zikaanza kuonekana Septemba 1999. Hadithi nzima ina sehemu 291.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, ngwe haikuwa zawadi kwa kazi iliyokamilika. Ndiyo iliyoiwezesha kazi kukamilika. Pili, ngwe hiyo ilizaa tasnia. Waigizaji wa sauti, wafasiri na mafundi mitambo wa Texas walipata ajira ya miaka mingi kwa sababu kulikuwa na nusu saa hewani iliyohitaji kujazwa.

Toonami ilihamishiwa usiku wa Jumamosi mwaka 2004, na tarehe 20 Septemba 2008 ikafungwa. Mnamo tarehe 1 Aprili 2012, Siku ya Wajinga, Adult Swim iliirudisha kwa usiku mmoja kama mzaha. Adult Swim ni sehemu ya usiku ya kituo hichohicho, iliyolengwa watu wazima. Watazamaji waliupokea mzaha huo kwa dhati, wakadai kitalu chao. Tarehe 26 Mei 2012 kikarejea rasmi, safari hii usiku wa manane.

Nani Humlipa Nani?

Nchini Marekani, utaratibu wa kawaida ni kwamba kituo humlipa msambazaji. Msambazaji kwanza hununua haki kutoka kwa wenye mali walioko Japani. Kisha hugharimia tafsiri na utiaji sauti. Halafu hukikodisha kipindi kwa kituo kwa mkataba unaotaja muda wa haki hizo na mara ambazo kila sehemu yaweza kurushwa. Muda huo ukipita, kipindi huondoka hata kama kinapendwa, mpaka mkataba mwingine utiwe sahihi.

Msambazaji hupata faida ya aina mbili. Ya kwanza ni ada ya kukodisha. Ya pili ni umaarufu, ambao humwezesha kuuza kanda, diski, vitabu na vinyago. Kituo nacho hupata watazamaji, na kwa watazamaji hao huuza nafasi za matangazo ya biashara. Ndiyo maana sehemu moja ya anime, ambayo bila wimbo wa kufungulia na wa kufungia huwa takriban dakika 21, hujaza ngwe ya dakika 30: dakika zilizobaki ni za wenye bidhaa.

Nchini Japani mambo ni tofauti. Vipindi vingi vya anime vinavyorushwa usiku wa manane hutayarishwa na kamati ya utayarishaji, yaani muungano wa kampuni kadhaa: wachapishaji wa vitabu, watengenezaji wa diski, kampuni za muziki, wauza vinyago na nyinginezo. Kamati hiyo mara nyingi ndiyo hukilipa kituo ili ipewe ngwe. Kwa lugha nyepesi, kipindi kizima huwa ni tangazo refu la bidhaa zitakazofuata. Utaratibu huu ulipata nguvu baada ya mafanikio ya Neon Genesis Evangelion, iliyorushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, na ambayo marudio yake ya usiku wa manane mwaka 1997 yalidhihirisha kwamba saa hizo zilizodharauliwa zina watu.

Kuna pia njia ya kati. Mnamo Aprili 2005 kituo cha Fuji TV kilianzisha kitalu cha noitaminA, jina linalotokana na kuliandika neno la Kiingereza la uhuishaji kinyumenyume. Kipindi chake cha kwanza kilikuwa Honey and Clover. Hapa kituo hakikungoja kulipwa wala hakikukodisha tu. Kiliingia chenyewe katika utayarishaji, kikachagua hadithi kwa hadhira maalumu, hasa watu wazima ambao hawakuwa na mazoea ya kutazama katuni.

Tofauti hizi si ndogo. Anayelipa ndiye anayeamua. Katika Toonami, mratibu wa kituo ndiye hupima ngwe na kumwita amtakaye. Katika saa za usiku za Japani, mwenye fedha hununua ngwe na kupanda apendacho.

Vigezo vya Mgao

Tuitazame ratiba ya kwanza ya Toonami iliyofufuka mwaka 2012. Vipindi vilikuwa sita: Bleach, Deadman Wonderland, Casshern Sins, Fullmetal Alchemist: Brotherhood, Ghost in the Shell: Stand Alone Complex na Cowboy Bebop. Bleach ilikuwa ya Viz Media. Tatu zilizofuata zilikuwa za Funimation. Mbili za mwisho zilikuwa zimefika sokoni kupitia Bandai Entertainment, ile ya Ghost in the Shell ikiwa pamoja na Manga Entertainment. Hivyo nusu ya kitalu ilikuwa mikononi mwa msambazaji mmoja, na nusu iliyobaki ikagawanywa na wengine.

Kwa nini mgao ukawa hivyo? Hakuna kanuni inayosema kila msambazaji apewe ngwe sawa. Tunaweza hata hivyo kubainisha vigezo vitano.

Kigezo cha kwanza ni lugha. Toonami hurusha vipindi vilivyotiwa sauti za Kiingereza. Kipindi chenye maandishi tu chini ya picha, hata kiwe bora namna gani, hakina ngwe. Msambazaji mwenye studio zake za sauti, kama Funimation, alikuwa na ghala lililojaa vipindi tayari, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya yeye kupata ngwe nyingi.

Kigezo cha pili ni urefu. Deadman Wonderland ina sehemu 12; ikirushwa mara moja kwa juma, ngwe yake huwa wazi baada ya miezi mitatu. Casshern Sins ina 24, Cowboy Bebop 26, Fullmetal Alchemist: Brotherhood 64. Bleach ya awali ina 366. Kwa mwendo wa sehemu moja kwa juma, sehemu 366 ni zaidi ya miaka saba. Bleach ilianza kuonekana Adult Swim mwaka 2006 na kumalizika mwaka 2014. Mratibu huhitaji aina zote mbili: hadithi ndefu ambayo ni nguzo ya kitalu, na hadithi fupi ambazo humpa nafasi ya kujaribu mapya. Mwenye hadithi ndefu hupata ngwe ya kudumu. Mwenye fupi hulazimika kubisha hodi tena na tena.

Kigezo cha tatu ni upya. Kipindi kipya hutangulizwa, kwa kuwa watu wengi wangali macho. Marudio husukumwa nyuma kuelekea alfajiri. Ndiyo maana usiku ule Bleach iliyokuwa na sehemu mpya ilifungua kitalu, na Cowboy Bebop, ambayo watazamaji waliifahamu tangu Adult Swim ilipoanza Septemba 2001, iliwekwa mkiani.

Kigezo cha nne ni idadi ya watazamaji. Kipindi kinachopoteza watu huteremshwa ngazi kwa ngazi hadi saa za nyuma, kisha huondolewa. Kinachovuta watu hupandishwa.

Kigezo cha tano ni gharama na masharti ya haki. Bajeti ya kitalu ina kikomo. Kipindi kimoja maarufu chaweza kugharimu sawa na viwili au vitatu vya kawaida, na mratibu hulazimika kuchagua kati ya jina moja kubwa na ngwe kadhaa zilizojaa.

Saa na Maneno

Saa ya kurushwa huathiri pia maneno yenyewe. Mnamo Machi 2000 Toonami ilianza kurusha Gundam Wing, iliyokuwa ya kampuni ya Bandai. Kipindi hiki kilipewa ngwe mbili: moja alasiri kwa watoto, nyingine saa sita ya usiku. Katika ngwe ya usiku maneno yaliachwa kama yalivyotafsiriwa. Katika ngwe ya alasiri, kitenzi cha kuua kilikwepwa na mahali pake pakatiwa kitenzi cha kuharibu. Mhusika Duo Maxwell, ambaye usiku hujiita Mungu wa Kifo, alasiri alijiita Mharibifu Mkuu. Hadithi ni ileile, msambazaji ni yuleyule, lakini sajili ni mbili. Wanafunzi wa isimujamii watatambua hapa tafsida iliyoamriwa na saa.

Katika jambo hili la saa, Kiswahili kina la kusema. Ratiba ya Toonami ya mwaka 2012 ilitaja Jumamosi, tarehe 26 Mei, ilhali kipindi cha kwanza kilianza saa sita ya usiku, wakati ambapo kalenda ya kimagharibi huanza kuhesabu Jumapili. Wajapani nao wamekutana na tatizo hilohilo. Ili mtazamaji asichanganyikiwe, ratiba zao huendeleza hesabu ya saa kupita 24: kipindi cha saa saba unusu ya usiku wa Alhamisi huandikwa kuwa cha saa 25:30 ya Alhamisi, ingawa kwa kalenda ni Ijumaa.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji saa ya 25. Husema usiku wa kuamkia Ijumaa, na mambo yakaisha. Kirai hiki huutaja usiku kwa asubuhi inayoufuata, wala hakimlazimishi msikilizaji kujua siku imebadilika saa ngapi. Chanzo chake kiko katika hesabu ya jadi ya Waswahili, ambayo huianza siku jua linapotua. Atakayeandika ratiba za runinga kwa Kiswahili basi ana kifaa tayari mkononi, ambacho Wajapani na Wamarekani wamelazimika kukibuni au kukikosa.

Msambazaji Anapoanguka na Anapomezwa

Mgao wa ngwe hubadilika pia kwa sababu zilizo nje ya kitalu. Kampuni ya Geneon, ambayo awali iliitwa Pioneer na iliyoleta Tenchi Muyo!, ilisitisha usambazaji wake nchini Marekani mwaka 2007. Bandai Entertainment ilitangaza Januari 2012 kwamba haitatoa kazi mpya, miezi michache tu kabla ya Toonami kufufuka na vipindi vyake viwili ratibani. Vipindi vya kampuni iliyofunga havifi, lakini huwa yatima mpaka apatikane mlezi. Cowboy Bebop, kwa mfano, ilikuja kuchukuliwa na Funimation.

Msambazaji anapobadilika, sauti zaweza kubadilika pia. One Piece ilitangulia kuletwa na kampuni ya 4Kids mwaka 2004, ikiwa imekatwakatwa ili iwafae watoto wadogo. Sigara ya mhusika Sanji iligeuzwa kuwa peremende ya kijiti. Ilipoingia mikononi mwa Funimation mwaka 2007, waigizaji wa sauti walibadilishwa wote na tafsiri ikaanzwa upya. Mtazamaji aliyeizoea sauti moja alilazimika kuizoea nyingine katikati ya safari. Kwa mwanafunzi wa tafsiri, hizi ni matini mbili za chanzo kimoja, na tofauti zake zinatokana zaidi na hadhira iliyokusudiwa kuliko na uwezo wa mfasiri.

Badiliko kubwa zaidi limetokana na muungano wa wasambazaji wenyewe. Aniplex, iliyoleta Sword Art Online na Demon Slayer, ni ya kundi la Sony. Mwaka 2017 Sony ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Funimation. Agosti 2021 ilikamilisha ununuzi wa Crunchyroll kwa dola bilioni 1.175. Mwaka 2022 huduma za Funimation zilianza kuunganishwa chini ya jina la Crunchyroll, na Aprili 2024 huduma ya intaneti ya Funimation ikazimwa. Hivyo majina matatu ambayo mtazamaji aliyaona kama washindani yakawa chini ya paa moja. Muuzaji wa Crunchyroll alikuwa AT&T, ambaye wakati huo ndiye pia aliyekuwa mmiliki wa Cartoon Network na Adult Swim. Mwenye kitalu alimuuzia jirani ghala la mbegu.

Kuna jambo jingine. Hapo zamani msambazaji aliihitaji runinga ili ajulikane. Sasa msambazaji mkubwa ana mlango wake mwenyewe katika intaneti, na sehemu mpya huonekana huko siku ileile inapoonekana Japani, sauti za Kiingereza zikifuata baada ya muda mfupi. Kitalu cha runinga hupokea kipindi baada ya wengi kukiona. Msambazaji ambaye zamani alikuwa mpangaji amekuwa mshindani wa mwenye nyumba.

Toonami ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwahi. Tarehe 4 Januari 2014 ilirusha sehemu ya kwanza ya Space Dandy kwa Kiingereza kabla haijarushwa Japani. Sauti za tafsiri zikasikika hewani kabla ya zile za lugha chanzi. Ya pili ilikuwa kushiriki katika utayarishaji, kama noitaminA ilivyofanya. Matunda yake ni pamoja na mfululizo miwili mipya ya FLCL mwaka 2018, Uzumaki mwaka 2024, na Lazarus ya mwelekezi Shinichirō Watanabe mwaka 2025. Kipindi ambacho kituo kimekigharimia hakiwezi kuondolewa kirahisi na msambazaji wa nje.

Kiswahili Kiko Wapi?

Msomaji ataniuliza: haya ya Marekani na Japani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kigezo kile cha kwanza. Tumeona kwamba lugha ndiyo inayofungua lango la kitalu. Katuni za kigeni zinazoonekana katika vituo vyetu nchini Kenya huja aghalabu kwa Kiingereza, kwa kuwa sauti za Kiingereza zilikwisha kutiwa kwingine na kulipiwa na wengine. Mratibu hahitaji kumchukia Kiswahili ili akiache nje. Inatosha kwamba hana ghala la vipindi vya Kiswahili pa kuchota. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Si kwamba haiwezekani. Mwaka 2011 kituo cha TBC cha Tanzania kilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili, na watazamaji wakaipokea vyema. Mwaka 2014, nchini Tanzania vilevile, kilianza kipindi cha Ubongo Kids, katuni zilizobuniwa kwa Kiswahili kuwafundisha watoto hesabu na sayansi. Mfano wa kwanza unaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kutiwa katika vinywa vya wahusika wa kigeni. Wa pili unaonyesha kwamba si lazima wahusika wawe wa kigeni.

Tukadirie kazi inayohitajika. Hadithi ya sehemu 26, kila moja ikiwa na dakika 21 za masimulizi, ni dakika 546, yaani saa tisa na dakika sita. Tafsiri yake haiwezi kufanywa kama ya kitabu. Sentensi ya Kiswahili lazima itoshee katika mwendo wa midomo ya mhusika, na vitenzi vyetu vyenye viambishi vingi huwa virefu kuliko vya Kiingereza. Heshima za Kijapani zinahitaji wenzake katika lugha yetu, ambayo kwa bahati ina utajiri wa maneno ya ukoo na ya rika, kuliko Kiingereza ambacho mara nyingi huziacha. Aidha, mfasiri atalazimika kuamua kama mhusika wa mitaani atasema Kiswahili sanifu, lahaja, au Sheng, na uamuzi huo utategemea saa ya kurushwa kama tulivyoona katika Gundam Wing.

Hii ni kazi ambayo idara zetu za Kiswahili zaweza kuitayarishia wanafunzi. Kozi za tafsiri katika vyuo vyetu huegemea matini andishi. Ni nadra mwanafunzi kupewa dakika tano za filamu na kuambiwa azitie sauti. Lakini mafunzo pekee hayatoshi. Kisa cha Dragon Ball Z kinatufundisha kwamba studio za Texas zilikua kwa sababu ngwe ilikuwepo. Wafasiri hodari wasio na ngwe watabaki na vyeti, na ngwe isiyo na wafasiri itajazwa na Kiingereza. Vyote viwili lazima viandaliwe pamoja: kituo kiwe tayari kutenga hata nusu saa moja kwa juma, na wanalugha wawe tayari kuijaza kila juma bila kukosa. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haina budi kufika pia katika saa ambazo watoto hutazama runinga.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kitalu cha vipindi ni eneo la muda linalomilikiwa na kituo na kugawanywa kuwa ngwe, na kwamba wasambazaji huzipata ngwe hizo kwa kufuata utayari wa lugha, urefu wa hadithi, upya wake, idadi ya watazamaji na masharti ya haki. Tumeona pia kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua, na kwamba msambazaji akianguka au akimezwa, ramani nzima ya kitalu hubadilika na wakati mwingine hata sauti za wahusika.

Istilahi za kitalu na ngwe tumezitoa ili zipimwe. Walio na maneno bora zaidi wayalete katika kurasa za jarida hili, nasi tutayapokea kwa mikono miwili. La muhimu ni kwamba tuweze kuijadili biashara hii kwa lugha yetu. Ngwe za runinga za Afrika Mashariki zinagawanywa kila siku, na anayefika shambani baada ya kupimwa hupewa kilichobaki.